Binti yangu anatunukiwa kamisheni Monduli: tujiandae vipi, na picha yake tuitunzeje kwenye unyevu wa Tukuyu?

MamaWaTukuyu (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za majukumu.

Binti yangu wa tatu yuko Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, anamaliza mwaka huu. Akifuzu atatunukiwa kamisheni, yaani atafanywa rasmi afisa wa jeshi, kwa cheo cha Luteni Usu. Kwenye ukoo wetu hajawahi kutokea afisa, na furaha tuliyonayo hapa nyumbani siwezi kuificha. Baba yake si mtu wa maneno mengi, lakini ameshapaka rangi sebule nzima na ukuta mmoja ameuacha mtupu kwa ajili ya picha.

Naomba msaada kwa wanaojua mambo haya. Tutafikaje huko na wazee, na siku yenyewe inakwendaje? Wadogo zake wanataka kushona nguo za mabaka ili tufanane naye, mimi moyo unasita. Tukimfanyia ibada ya shukrani na chakula nyumbani, je, aje na sare? Picha zake tunaruhusiwa kuziweka mtandaoni kiasi gani? Na la mwisho: hapa kwetu mvua ni nyingi, picha za harusi zote zimeota ukungu ndani ya kioo. Hii ya binti sitaki ipatwe na hayo.

Mstaafu_Mafinga

Marahaba mama, na hongera sana. Mpe hongera na mzee. Kufika mwisho wa Monduli, awe ni wa kozi ya kawaida au wa shahada ya sayansi ya kijeshi, maana yake ameamka alfajiri nyingi ambazo wenzake wa mtaani walikuwa wamelala, na kuna walioanza naye wasiomaliza.

Nianze na mahali, kwa kuwa ndipo familia nyingi hupotezea nauli. Msikate tiketi kwa sababu tu mtoto yuko Monduli. Anayetunuku kamisheni ni Rais kama Amiri Jeshi Mkuu, kwa hiyo tarehe na mahali hufuata ratiba yake. Septemba 2017 sherehe ilifanyika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha mjini, na imewahi kufanyika Ikulu pia. Ngojeni binti mwenyewe awatajie siku, mahali na idadi ya wageni aliopewa. Idadi hiyo huwa na kikomo, hivyo amueni mapema nani anakwenda. Msipande basi watu kumi mkitegemea huruma ya getini.

Majina mtakayomtumia yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kinachowakwamisha wazazi getini ni hiki: orodha imeandikwa jina tunalomwitia mama kijijini, kitambulisho kina jina la ubatizo na la babu. Askari wa getini hana namna ya kujua kuwa ni mtu yuleyule. Kitambulisho kiwe mkononi, kisiwe chini ya begi.

Akiwepo Rais, ukaguzi ni mrefu na magari huzuiwa mapema. Saa iliyotajwa kwenye mwaliko ni ya kuwa mmeketi, kwa hiyo fikeni getini saa mbili kabla ya hapo. Kuleni kabla ya kwenda, maana mkishakaa mtakaa hadi mwisho. Visu vidogo, chupa za vioo na mabegi makubwa acheni mlikofikia. Kuhusu simu fuateni maelekezo ya siku hiyo. Mkiambiwa ziachwe, ziacheni zikiwa zimezimwa na zimeandikwa jina kwa karatasi na utepe.

Gwaride lenyewe: Amiri Jeshi Mkuu anakaribishwa kwa saluti na wimbo wa taifa, anakagua, kisha maafisa wanafunzi wanapita mbele kwa mwendo wa pole na baadaye mwendo wa haraka. Wanatunukiwa kamisheni, wanakula kiapo, na waliofanya vizuri zaidi wanapewa zawadi. Hapo katikati mzazi anahangaika kumtafuta mtoto wake, kwa sababu wakiwa wamevaa sawa na kusimama sawa huwezi kumtambua kutoka jukwaani. Muulize binti siku moja kabla: uko gadi (kundi la gwaride) ya ngapi, mstari wa ngapi, wa ngapi ukihesabu kutoka kulia. Andika kwenye kikaratasi. Tofauti ya kumwona mwanao akila kiapo na kuona uwanja uliojaa kofia iko kwenye hicho kikaratasi.

Msimwite jina akiwa kwenye mguu sawa. Haruhusiwi kugeuza shingo, na mkimwita mnamtesa bure. Vigelegele wekeni akiba hadi gwaride limevunjwa. Hapo ndipo familia zinakutana na watoto wao, na hapo mama pigeni vigelegele mpaka koo likauke, ni haki yenu.

Kuhusu mabaka: moyo wako umesita mahali sahihi. Msishone. Mabaka ni sare ya jeshi, na raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Hii inahusu fulana, kofia, gauni la mtoto mdogo, hata aproni za wapishi. Kinachotokea ni kwamba familia inapigwa picha kwa furaha, picha inasambaa, na anayeitwa kutoa maelezo ni huyo luteni usu mwenye wiki mbili kazini. Chagueni kitenge kimoja cha kijani kibichi au bluu, pisi moja ya yadi 6 inatosha gauni na kilemba kwa mtu mzima. Fulana zenye nembo ya jeshi nazo acheni.

Sare nyumbani: hilo mwachieni yeye. Afisa ana taratibu za lini na wapi avae sare akiwa likizo, na kuna sare ya kazi na sare ya sherehe. Akisema amepata ruhusa kuvaa kanisani, vizuri. Akisema atavaa suti, msimlaumu wala msimsukume mbele ya wajomba. Na wadogo zake wasiijaribu, wala kofia tu kwa ajili ya picha.

Akiwa ndani ya sare na kofia anaweza kuwapigia saluti wazazi wake. Akivua kofia hapigi, kwa hiyo msimwombe saluti mezani. Ninyi hampaswi kuirudisha kwa mkono. Simameni wima mmtazame, kisha mkumbatieni.

NjiaPanda_Makambako

Hongera mama. Naongezea safari.

Kutoka Mbeya kwenda Arusha njia fupi ni Makambako, Mafinga, Iringa, kisha mnakata kushoto kwa Dodoma kupitia Mtera, halafu Kondoa, Babati, Makuyuni. Lami mwanzo hadi mwisho, kama kilomita 1,000 kutoka Mbeya mjini, na ninyi wa Tukuyu ongezeni 70 hivi za kufika Mbeya. Njia ya Chalinze na Moshi inazidi hiyo kwa zaidi ya kilomita 200, hivyo ulizeni basi linapita wapi kabla ya kulipa.

Mkitokea Babati, njia panda ya Monduli mnaikuta kabla ya Arusha mjini, kati ya Makuyuni na Kisongo. Mwambieni kondakta mapema. Ila kwa wazee nashauri msishuke hapo usiku. Nendeni hadi Arusha, mlale, asubuhi mrudi kwa gari dogo.

Wazee wasisafirishwe kwa mkupuo mmoja. Lalisheni Dodoma. Mtu wa miaka 70 akikaa kwenye kiti cha basi saa 16 miguu inavimba, na kesho yake viatu vya sherehe haviingii. Wakiwa njiani wasimame kila basi linaposimama, wanywe maji, na dawa za presha au sukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti la gari. Fikeni Arusha siku mbili kabla, siyo usiku wa kuamkia sherehe. Basi likiharibika Kondoa hamna muda wa kufidia.

Monduli asubuhi kuna baridi, mchana jua kali na vumbi. Mtandio wa mama na kofia ya mzee visisahaulike.

FundiFremu_Mwanjelwa

Nimefurahi kuona mzazi anauliza habari ya picha kabla ya kuiharibu. Wengi wanakuja ikiwa imeshaganda kwenye kioo.

Tuanze na picha yenyewe kabla ya fremu. Mnataka ya ukutani, tuseme inchi 12 kwa 16. Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Gawanya 4,000 kwa inchi 16, unapata 250 kwa kila inchi, na hiyo inasafishwa vizuri kabisa. Sasa mtoto akiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa inabaki kama pikseli 1,600 upande mrefu. Gawanya kwa 16: mia moja tu. Ikichapwa kwa ukubwa huo uso hauonekani vizuri na nyota ya begani inaonekana doa. Mwambie aitume kama dokumenti, au aje nayo kwenye kadi ya kumbukumbu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi, na fremu nzuri hailirekebishi.

Kupiga: asimame kivulini, siyo juani, kwa sababu kofia inatupa kivuli kizito machoni na uso unapotea. Mpigaji aipe nafasi juu ya kofia na pembeni mwa mabega, maana fremu hula kama nusu sentimita kila upande. Mabega yote mawili yaonekane. Mtu anapopigwa upande mmoja, cheo kinakatika nusu. Nyuma yake kuwe na ukuta wazi au miti. Kusiwe na majengo ya kambi, magari wala silaha. Ni kwa sababu ya lile swali lako la mtandaoni.

Chapisheni studio yenye karatasi halisi ya picha, matoleo mawili. Moja ya ukutani, moja ya kuhifadhi gizani.

Sasa ukungu. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta wa tofali unaopigwa na mvua nje huwa na unyevu upande wa ndani hata kama rangi inaonekana kavu. Picha ikiwa imebanwa moja kwa moja kwenye kioo, unyevu unaingia kwa nyuma, unakutana na kioo baridi, unakuwa matone madogo, na uso wa picha unalainika na kushika kioo. Hapo ukungu unapata chakula. Kwa hiyo tunapambana na mambo mawili: picha isiguse kioo, na fremu isiguse ukuta.

Mwambie fundi akuwekee pambizo la kadi nene kati ya picha na kioo, unene wa milimita 2, upana wa sentimita 5 kila upande. Hilo pambizo linapendeza, lakini kazi yake kubwa ni kuacha hewa. Fundi akisema halina umuhimu, nenda kwa mwingine. Kioo cha milimita 2 au 3 kinatosha. Kabla ya kufunga kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu na kiachwe dakika kumi. Kikifungwa na maji ya sabuni pembeni umeshaupanda ukungu mwenyewe.

Nyuma, mafundi wetu wanaweka hadibodi. Hadibodi ina asidi, inaifanya picha kuwa ya njano baada ya miaka michache, kwanza pembeni halafu katikati. Siyo lazima uikwepe, weka kizuizi: kadi nyeupe safi nyuma ya picha, kisha karatasi ya foili ya jikoni, kisha ndiyo hadibodi. Foili inazuia asidi na unyevu pia. Picha ishikwe kwa pembe nne za karatasi zilizogundishwa kwenye kadi, siyo seloteipu juu ya picha. Seloteipu inatoa gundi, gundi inakuwa kahawia na haitoki. Ukingo wote wa nyuma uzibwe kwa utepe wa karatasi, wadudu wasiingie.

Kutundika: ule ukuta mzee aliouacha mtupu, angalia kama ni wa nje au wa katikati ya vyumba. Ukiwa wa nje na unaopokea mvua, mwambie kwa upole ahamishe. Ukuta wa ndani ndiyo mkavu. Pembe mbili za chini za fremu gundisha vipande vya mpira vya milimita 5, vinatosha hata vya ndala iliyochakaa, ili hewa ipite nyuma. Isitazamane na dirisha, jua linachuja rangi. Isiwe juu ya jiko la mkaa mnalotumia kuota wakati wa baridi, Juni na Julai.

Kila baada ya miezi sita ishushe, tazama mgongo. Ukiona madoa ya kijivu usifute kwa kitambaa cha maji. Fungua, iache kivulini penye upepo ikauke, kisha brashi laini ya kupaka rangi, ukiwa nje ya nyumba. Na hizo za harusi zilizoganda kwenye kioo usizivute! Zitachanika uso. Zipeleke zilivyo, zipigwe picha upya kupitia kioo hichohicho, zichapwe.

Rangi mpya ya sebule nayo iachwe wiki tatu kabla ya kutundika chochote. Rangi ya maji ikikauka inatoa unyevu mwingi.

Kamwene_Iringa

Kamwene mama. Nizungumzie mtandao na watu, kwa sababu fahari ya mzazi huwa inaponzwa hapo.

Jina kamili, cheo, kikosi alichopangiwa, tarehe ya kuripoti na picha ya uso visikae pamoja popote. Kimoja kimoja havina shida kubwa, vikikusanyika vinamtosha mtu kutengeneza akaunti bandia kwa jina lake. Matapeli wanapenda sana picha za maafisa wapya, hasa wa kike. Wanaweka picha, wanatangaza wana nafasi za jeshi, vijana wanatuma pesa, na polisi wakianza kutafuta wanakuta sura ya mwanao.

Ukitaka kuweka kwenye status, weka picha ya familia nzima baada ya gwaride na maneno mafupi: "Hongera mwanetu, Mungu akutunze." Zima kipengele cha kuonyesha mahali (location) kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga. Msipige picha ya geti, ukuta wa kambi, vibao, magari wala walinzi. Na akishapangiwa kikosi, msiandike "leo tumemsindikiza" mkataja mji. Wajomba na makundi ya ukoo waambieni hayo kabla, siyo baada ya picha kusambaa. Kundi la WhatsApp la watu 200 ni sawa na kubandika sokoni.

Jambo la pili. Habari zikienea, watakuja watu mlangoni: "Mama, mwanao ni afisa, tuingizie kijana." Jibu liwe moja na lisibadilike: nafasi za JWTZ hutangazwa wazi, vijana wengi wanachukuliwa kutoka waliopitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na hakuna ada. Usipokee bahasha "ya maji", usipokee nakala ya cheti, usiseme "nitamwambia". Hata kauli hiyo ya upole inageuka ahadi, na ikifika kazini inamhusu yeye. Anayetaka kweli kijana wake aingie, mwelekeze afuatilie matangazo ya JKT. Hapa nyanda za juu kuna makambi ya JKT ya Mafinga na Itende, watu wanayafahamu.

La tatu, simu za usiku. "Luteni amepata ajali mazoezini, tuma laki tano za dawa haraka." Jeshi halimwombi mzazi pesa ya matibabu kwa simu. Kubalianeni na binti neno moja la siri la nyumbani, ambalo mtu wa nje hawezi kulibahatisha. Asiyelijua, kata simu. Na jiandaeni akili kwamba kuna wiki hatapatikana. Yuko porini mazoezini, au amezuiwa simu. Mwombeni namba moja ya ofisi ya kikosi kwa dharura za kifo au ugonjwa mzito wa nyumbani, iandikwe kwenye karatasi na kutunzwa, isitumike kwa salamu.

Bibi_Ludewa

Mimi niulize dogo hapahapa. Mjukuu amerudi kutoka Afrika ya Kati na nishani ya Umoja wa Mataifa. Tuing'arisheje? Na je, naweza kuivaa kanisani siku moja?

Mstaafu_Mafinga

Shikamoo bibi. Hongera kwa mjukuu. Nishani hiyo hutolewa kwa aliyetumikia misheni si chini ya siku 90, na kila misheni ina utepe wa rangi zake, kwa hiyo utepe usibadilishwe hata ukichakaa kidogo.

Kuvaa, hapana bibi, ni yake aliyeitumikia. Wewe ivalie kitenge kipya ukae karibu naye.

Msiing'arishe kwa majivu, limau wala dawa ya meno. Vinakwangua maandishi na kuacha weupe kwenye mikunjo. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Utepe usifuliwe. Itunzwe kwenye kisanduku, imefungwa kwa pamba nyeupe, siyo mfuko wa plastiki. Ludewa kama Tukuyu, plastiki inafungia unyevu ndani. Cheti chake kilichokuja nayo kitunzwe pamoja, na nakala ipigwe.

MamaWaTukuyu

Ndaga fijo, asanteni sana nyote. Mabaka tumefuta, wadogo zake wamenuna kidogo lakini kitenge cha kijani kimepatikana Mbeya mjini. Ukuta mzee alioupaka kumbe ndiyo wa upande wa mvua. Nimemsomea maneno ya fundi, ameondoka kwenda kununua rangi nyingine.

Yamebaki mawili. Ibada na chakula, tunategemea watu 200, tuweke tarehe gani na tupike kiasi gani? La pili ni baba yangu mzazi. Alipigana Vita vya Kagera, ana nishani yake, na anasema kama mjukuu anakula kiapo basi yeye atakuwepo akiwa ameivaa. Je, inaruhusiwa?

MpishiMkuu_Uyole

Tarehe: msitangaze kanisani hadi ameshika barua ya likizo mkononi. Likizo baada ya kamisheni inaweza kusogezwa au kufupishwa, na familia inabaki na turubai limelipiwa na mgeni rasmi hayupo. Panga siku ya tatu au ya nne tangu afike nyumbani, siyo siku ileile, mwacheni alale. Turubai na viti toeni malipo ya awali madogo, na muandikishane kuwa tarehe inaweza kusogea kwa wiki mbili bila faini.

Watu 200: mchele kilo 25, maana kilo moja inashibisha watu wanane penye ndizi pembeni. Nyama na mfupa kilo 50. Mkitaka kuchinja, ng'ombe wa kienyeji wa wastani anatoa kilo 100 au zaidi, inabaki nyingi na hamna pa kuihifadhi; nunueni kilo 50 buchani, au mchinje mkijua nusu ni ya kugawia majirani. Mafuta lita 6, vitunguu kilo 8, nyanya kilo 12. Ndizi kwenu hazinunuliwi, lakini zimenywe asubuhi hiyohiyo na zikae kwenye maji, zisigeuke nyeusi. Maharage kilo 12 yalowekwe usiku.

Na naomba niseme hili kwa uchungu kidogo: msikope kwa kutegemea mshahara wake. Luteni usu anaanza maisha, ana godoro la kununua na nauli za kuripoti. Deni la sherehe likimfuata kambini katika miezi ya kwanza, ile furaha yote anailipa yeye.

Mstaafu_Mafinga

Kuhusu mzee wa Kagera, mwambie namsalimia kwa heshima zote.

Nishani ni yake mwenyewe, alitunukiwa, na wapiganaji wastaafu huvaa nishani zao juu ya suti kwenye sherehe kama Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Aivae kifuani upande wa kushoto, juu ya mfuko wa koti, utepe ukiwa umenyooka. Pini za nishani za zamani zimelegea. Mama shona nyuzi mbili kwa nyuma, zipite kwenye kitanzi cha pini na kwenye kitambaa cha koti, isidondoke kwenye msongamano. Asivae kipande chochote cha sare ya zamani, hata mkanda. Suti, tai, viatu vyeusi, nishani.

Kama ana kitambulisho cha ustaafu au karatasi yoyote ya utumishi, aibebe pamoja na NIDA. Binti amtaje kwenye orodha yake kama babu na aeleze kwamba ni mpiganaji mstaafu mwenye umri, anahitaji kiti karibu na njia. Hilo aliseme kwa mkufunzi wake wiki kadhaa kabla, siku yenyewe hakuna wa kumsikiliza.

Gwaride likivunjwa, msimpeleke mzee kwenye msongamano wa katikati ya uwanja. Mkalisheni palepale kivulini, mmoja wenu amfuate binti amlete. Akija na kofia yake kichwani atampigia babu saluti. Mzee, ingawa sasa ni raia, huenda akaijibu kwa mazoea ya jeshini, kwa hiyo anayeshika simu awe tayari mahali ambapo mikono haitaziba nyuso.

FundiFremu_Mwanjelwa

Hiyo ya babu na mjukuu ichapwe inchi 8 kwa 12, iwekwe kwenye fremu yake peke yake. Kwenye kioo kimoja na ile kubwa itabidi ipunguzwe, na nishani haitasomeka. Mpigaji asogee hadi wajae kuanzia magotini kwenda juu, apige tano au sita mfululizo, maana mmoja lazima atafumba macho.